"Mfumo Umekataa": Benki Imeingia Mfukoni, Lakini Mwamuzi Yuko Wapi?

Wiki ya pili ya Juni, katika tawi moja la benki mjini Kisumu, nilikaa kwenye foleni kando ya mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, katika soko la Kibuye. Mikononi alikuwa na simu, kitambulisho, na daftari la kurasa mia mbili ambalo kingo zake zilikuwa zimelainika kwa mafuta ya samaki. Humo ameandika kwa mkono wake, siku baada ya siku, magunia aliyonunua, gorogoro (makopo ya kupimia) alizouza, na madeni ya wenye hoteli wanaochukua mali asubuhi na kulipa jioni. Zamu yake ilipofika, alimweleza kijana wa huduma kwamba kiwango chake cha mkopo wa simu, ambacho mwezi Machi kilikuwa shilingi 40,000, kilikuwa kimeshuka hadi sufuri bila ujumbe wowote wa kueleza sababu, ilhali hajawahi kuchelewesha malipo hata siku moja. Kijana alibonyeza, akasubiri, kisha akageuza kioo cha tarakilishi ili mama ajionee.

"Mama, si sisi. Mfumo umekataa."

"Mfumo ni nani, mwanangu?" Aliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kuelekezwa ofisi ya kwenda.

"Ni wa makao makuu, Mama. Sisi hapa tunaona tu, hatuwezi kubadilisha."

Daftari lilibaki limefungwa juu ya kaunta. Hakuna aliyeomba kulifungua.

Neno hilo halijanitoka akilini, kwa sababu linabeba jambo ambalo nimelitazama kwa miaka mingi hapa Nyanza na Magharibi bila kulipatia jina. Teknolojia ya habari na mawasiliano imeisogeza benki karibu na mwananchi kuliko wakati mwingine wowote katika historia ya nchi hii. Wakati huo huo, teknolojia hiyo pamoja na utandawazi vimeuhamisha uamuzi wa kibenki, yaani nani akopeshwe, kiasi gani, kwa bei gani, na nani ajibu kukitokea kosa, hadi mahali ambapo mwananchi huyo hawezi kupafikia kwa miguu wala kwa maneno. La kwanza tumelisherehekea, na tulikuwa na haki ya kulisherehekea. La pili tumelinyamazia, na wanaolipia kimya hicho ni watu wenye akiba ndogo kuliko sisi tunaoandika makala.

Benki haikumweleza mama yule sababu, lakini mtu yeyote wa Kisumu angeweza kuikisia. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria ili samaki hao wapate kuzaana. Katika miezi hiyo minne bei ya gorogoro hupanda, mali hutegemea magunia yanayovuka kutoka Uganda na Tanzania, na wauzaji wengi hupunguza biashara au hugeukia mboga na nyanya hadi ziwa lifunguliwe. Pesa zinazoingia kwenye simu ya muuzaji hupungua, naye hutoa akiba kidogo kidogo ili watoto wale na karo ilipwe. Programu inayosoma miamala yake huona mteja ambaye biashara yake inakufa. Haina namna ya kujua kwamba ziwa limefungwa na sheria na litafunguliwa na sheria, wala kwamba Julai ndio mwezi ambao mama huyu anahitaji mkopo kuliko mwezi mwingine wowote, kwani anayetaka mali ya kwanza mwezi Agosti ni lazima ampelekee mwenye mashua malipo ya mbele. Meneja wa tawi aliyeishi Kisumu kwa miaka miwili angeyajua hayo bila kufundishwa.

Kabla sijaendelea, ni vyema nikumbushe kwamba utandawazi haukuingia katika benki zetu juzi kupitia simu. Benki zenyewe zilikuja na meli. National Bank of India, ambayo ndiyo mzazi wa KCB ya leo, ilifungua tawi Mombasa mwaka wa 1896, mwaka ule ule ujenzi wa reli ulipoanza kutoka pwani. Reli ilifika hapa Kisumu, wakati huo pakiitwa Port Florence, mwaka wa 1901. Standard Bank ikafuata mwaka wa 1911. Kazi ya benki hizo ilikuwa kuhudumia wafanyabiashara wa pamba na nafaka, walowezi na serikali ya kikoloni. Mwafrika alikuwa mpeleka mizigo hadi mlangoni. Sheria ya mwaka wa 1948 kuhusu mikopo kwa Waafrika ilifanya deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 lisiweze kudaiwa mahakamani bila idhini ya serikali, na kwa hiyo hakuna mwenye benki aliyekuwa na sababu ya kumkopesha zaidi ya hapo. Bibi na babu zetu walikataliwa na mfumo muda mrefu kabla ya tarakilishi kuwepo. Tofauti ni kwamba mfumo wao ulikuwa na jina na uliweza kupingwa katika mikutano ya siasa.

Ndiyo maana serikali ya uhuru ilianzisha National Bank of Kenya mwaka wa 1968, ili Wakenya wapate mikopo ambayo benki za kigeni hazikuwa na haja ya kuwapa. Mwaka wa 2019 benki hiyo ilinunuliwa na KCB, na mwaka wa 2025 KCB ikaiuza kwa Access Bank ya Nigeria. Siwalaumu wanunuzi wala wauzaji. Benki iliyolemewa na mikopo mibovu inahitaji mtaji, na mtaji siku hizi hauna uraia. Isitoshe, sisi nasi tumewaendea wengine. Equity, iliyoanza mwaka wa 1984 kama chama kidogo cha ujenzi na akiba huko Murang'a, leo ina benki Uganda, Rwanda, Tanzania, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. KCB nayo ilinunua Trust Merchant Bank ya Kongo mwaka wa 2022. Bila shaka yupo mwenye duka Lubumbashi ambaye ameambiwa kwa Kifaransa kwamba mfumo umekataa, na mfumo huo ukawa ni wa Nairobi.

Simu ndiyo iliyobadilisha mambo kwa kasi. Safaricom ilizindua M-Pesa mwezi Machi 2007, kwa wazo lililozaliwa Vodafone ya Uingereza na kusaidiwa na fedha za msaada wa serikali ya nchi hiyo, na wazo hilo la mbali likapata mwili wake katika vibanda vya mabati vya Kondele, Bungoma na Nakuru. Utafiti wa FinAccess, ambao Benki Kuu ya Kenya ni mmoja wa waandalizi wake, ulionyesha kwamba mwaka wa 2006 Wakenya waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7 ya watu wazima; mwaka wa 2019 walikuwa asilimia 82.9, na mwaka wa 2024 walikuwa asilimia 84.8. Sijui jambo jingine la umma lililopiga hatua kama hiyo katika muda huo, si maji, si barabara, si hospitali. Ruhusa ya Benki Kuu ya mwaka wa 2010 ya kutumia mawakala iliongeza kasi, na karani wa benki akawa mwenye duka jirani, yule anayekuuzia sukari na kukukopesha unga.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Butere, na mwisho wa mwezi kwake ulikuwa safari. Aliondoka alfajiri kwenda Kakamega, akapanga foleni na walimu wenzake hadi saa nane, akarudi jioni na mshahara wote ndani ya soksi, na usiku huo mama alilala akisikiliza mbwa. Kisha benki kadhaa zikaanza kufunga matawi ya miji midogo na kupandisha kiwango cha chini cha akiba, na walimu wakaelewa kwamba hawatakiwi. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuitazama simu inayopokea mshahara usiku wa manane kwa dharau. Mama mzazi, ambaye hajawahi kuwa na akaunti ya benki katika jina lake, leo hupokea pesa kutoka kwa mjukuu aliye Texas kabla chai haijapoa.

Pesa za ughaibuni zinastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwani ndizo zinazojenga nyumba nyingi za matofali tunazoziona Vihiga na Siaya. Mwaka wa 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 za Marekani, kiasi kinachozidi kwa mbali mapato ya chai, na sehemu kubwa zaidi ilitoka Marekani. Hata hivyo, gharama ya kutuma pesa kuja Afrika kusini mwa Sahara imebaki kuwa ya juu kuliko sehemu nyingine za dunia, karibu asilimia 8 kwa kila dola 200, ilhali mataifa yalikubaliana kuishusha hadi chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka wa 2030. Mlango huo nao una bawabu asiyeonekana. Februari 2024, kikosi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, FATF, kiliiweka Kenya katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Uamuzi huo ulifanywa Paris, lakini uzito wake huangukia kijana anayeulizwa na benki alete barua kuthibitisha kwamba dola 900 alizotumiwa na dada yake ni za matibabu ya baba yao.

Kuna jambo ambalo wengi hawakulijua wakati wa miaka minane ya mwanzo ya M-Pesa: mitambo iliyohifadhi na kuchakata miamala yake ilikuwa Ujerumani. Mama aliyetuma shilingi 300 kutoka Kibuye kwenda Kondele, mwendo wa dakika chache kwa bodaboda, alituma habari zake hadi Ulaya, zikakubaliwa huko, zikarudi, na simu ya mpokeaji ikalia. Mwaka wa 2015 ndipo mitambo ilipohamishiwa Kenya. Mifumo mikuu ya benki zetu kubwa bado ni programu zilizotengenezwa na kampuni za Bengaluru na Geneva, na mawasiliano yetu na dunia hupita katika nyaya za chini ya bahari, za kwanza zikiwa SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa mwaka wa 2009. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili zilipokatika, Afrika Mashariki yote ilihisi. Sisemi tujitenge. Nasema kwamba nchi inayoendesha maisha yake ya kila siku juu ya nyaya na programu za wengine inapaswa angalau kujua nani anashika ufunguo upi, na wabunge wetu wangefanya kazi ya maana kuliuliza hilo kila mwaka.

Sasa nirudi kwenye mkopo, kwa kuwa hapo ndipo mabadiliko yalipofika moyoni. Novemba 2012, Commercial Bank of Africa pamoja na Safaricom zilizindua M-Shwari, na kwa mara ya kwanza Mkenya wa kawaida akaweza kukopa bila dhamana, bila mdhamini na bila kuvaa nguo nzuri za kwenda mjini. Uamuzi ulitokana na rekodi za simu yake: muda wa maongezi anaonunua, pesa anazopokea na kutuma, umri wa laini yake. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa shilingi 10,000 unarudisha 10,750, na mtu anayesukumwa na shida haoni uzito wa shilingi 750. Lakini anayekopa na kulipa na kukopa tena mwezi baada ya mwezi, kama wafanyavyo wauzaji wa sokoni, atakuwa amelipa shilingi 9,000 kufikia mwisho wa mwaka kwa kutumia zile zile 10,000. Bunge lilipoweka kikomo cha riba mwaka wa 2016, malipo hayo hayakuguswa, kwa hoja kwamba ni ada wala si riba. Na kikomo chenyewe kikaondolewa mwaka wa 2019, mwaka ambao huduma ya Fuliza ya Safaricom ilianza kuturuhusu kutumia pesa ambazo hatuna hata tunaponunua mkate.

Bei ni kubwa, lakini bei inaweza kujadiliwa hadharani kwa sababu imeandikwa. Kinachonisumbua zaidi ni kile kisichoandikwa. Rekodi za simu si picha kamili ya mtu. Huku kwetu wazee wengi, hasa akina mama, hutumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto au cha mume, kwa hiyo uaminifu wao wa miaka kumi katika kulipa madeni unajenga jina la mtu mwingine. Mkulima wa miwa upande wa Mumias hukaa zaidi ya mwaka kabla ya kukata zao, na katika muda huo simu yake huonekana kama ya mtu asiye na kazi. Mama wa omena hupotea Aprili na kuibuka Agosti. Wote hao ni watu wa kutegemewa kwa ratiba ambayo ardhi na ziwa vimeipanga, lakini wanapimwa kwa ratiba ya mtu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Programu haina chuki nao. Imefundishwa kwa mifano ya watu wengine, na hakuna aliyepewa jukumu la kuisahihisha.

Najua jibu la wanaotetea mabadiliko haya, na ni jibu lenye nguvu. Watasema meneja wa zamani hakuwa malaika, na ni kweli. Baba yangu alipata mkopo wa mabati mwaka mmoja kwa sababu meneja alimpigia mwalimu mkuu simu, akauliza tabia yake, akaridhika. Jirani yetu, mjane aliyekuwa na ng'ombe watano wa maziwa na deni sufuri, aliomba mkopo mdogo kuliko huo katika tawi hilo hilo na akaambiwa alete mwanamume wa kutia sahihi. Wengine walikataliwa kwa sababu ya kabila, au kwa kutojua kwamba bahasha ilitakiwa iwe na kitu zaidi ya fomu. Simu haijali ukoo wako wala viatu vyako. Kwa mjane kama yule, mkopo wa simu wa leo ni haki aliyonyimwa na binadamu.

Nalikubali jibu hilo lote, na bado halimfai mama wa omena. Mjane wetu alijua nani amemkataa. Alimjua kwa jina, akamlaani kwa jina, na mwaka uliofuata meneja mwingine alipoletwa alirudi na kuomba upya, akapewa. Uonevu ulikuwa na uso, na kwa hiyo kulikuwa na mlango wa kuugonga tena. Mama wa omena hana wa kumrudia. Kijana wa kaunta hana mamlaka, meneja wa tawi naye hana mamlaka, na nambari ya huduma kwa wateja humjibu kwa sauti iliyorekodiwa kisha humuunganisha na mtu anayesoma kioo kile kile.

Kasi hii ina hatari nyingine ambayo nitaigusa tu. Aprili 2016, uvumi kuhusu Chase Bank ulisambaa katika mitandao ya kijamii, wateja wakakimbilia akiba zao, na katika muda wa saa chache benki ikafungwa na kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa muda. Mali na madeni yake mengi baadaye yalichukuliwa na SBM ya Mauritius. Benki hiyo ilikuwa na matatizo halisi katika hesabu zake, lakini zamani uvumi ulitembea kwa miguu na wasimamizi wakapata siku mbili tatu za kufikiri. Februari mwaka huo huo wezi wa mtandaoni walikuwa wameiba dola milioni 81 za Benki Kuu ya Bangladesh kwa kutuma maagizo ya uongo kupitia SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana maagizo ya malipo, hadi New York, bila kuvunja kufuli hata moja. Wizi wa kubadilisha laini ya simu unaowaliza watu wetu Nakuru na Kisumu ni ndugu mdogo wa wizi huo: mashine iliamini ujumbe, na hakuna mtu aliyeuliza swali.

Sheria imejaribu kufuata. Kwa miaka kadhaa wakopeshaji wa mtandaoni walifanya walivyotaka, wakiingia kwenye orodha ya majina katika simu ya mdaiwa na kumpigia mama mkwe wake kumwambia kwamba mkwe ni mwizi. Mwezi Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya watu katika mashirika ya kumbukumbu za mikopo, na ikapiga marufuku kumweka mtu katika orodha ya wasiolipa kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000. Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2021 na kanuni za Machi 2022 yakawalazimu wakopeshaji hao kuomba leseni. Hayo ni mambo mema na yameokoa heshima za watu wengi.

Ila kuna kifungu kimoja ambacho karibu hakuna anayekizungumzia sokoni wala redioni, nacho ni cha 35 katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Kifungu hicho kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi wenye athari za kisheria au athari nyingine kubwa kwake kwa kutegemea mashine peke yake. Zimo hali ambazo haki hiyo haitumiki, kama vile pale mtu mwenyewe alipotoa idhini au pale uamuzi unapohitajika ili mkataba ufanyike, na bila shaka mawakili wa benki watazikimbilia. Lakini sheria inaendelea kusema kwamba mashine ikiamua peke yake, anayeitumia anapaswa kumjulisha mhusika kwa maandishi, na mhusika anaweza kuomba uamuzi huo utazamwe upya au utolewe mwingine usiotegemea mashine tu. Kwa maneno mengine, Bunge lilishampa mama wa omena mlango wa kugonga. Benki hazijauonyesha ulipo, na waliopaswa kuuonyesha, sisi waandishi tukiwemo, tumekuwa tukishangilia idadi ya wateja.

Ningependa Benki Kuu na Kamishna wa Ulinzi wa Data wakae pamoja na kukifanya kifungu hicho kiwe kitu cha kaunta. Kila benki inayokopesha kwa simu iwe, katika kila kaunti, na afisa mwenye mamlaka ya kufungua upya uamuzi wa mashine na kutia sahihi jina lake chini ya uamuzi mpya. Mteja anaposhushiwa kiwango, ujumbe umwambie sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka, kama vile "pesa zinazoingia zimepungua kwa miezi miwili", ili aweze kujibu kwamba ziwa limefungwa. Daftari la mama, risiti za kiwanda cha miwa na barua ya chama chake cha akiba vikubaliwe kuwa ushahidi. Wenye benki watalalamika kuhusu gharama. Nawakumbusha kwamba vyama vyetu vya akiba na mikopo, vyenye mapato madogo kuliko yao, bado vina kamati za mikopo zinazoketi mezani na kumuuliza mwanachama maswali, na mwanachama akikataliwa anajua atasimama wapi kwenye mkutano mkuu. Kamati hizo zina ndugu na marafiki wa kupendelea, na visa vya wizi katika vyama hivyo tunavijua. Hata hivyo, zimeonyesha kwamba kumsikiliza mkopaji mdogo ni kazi inayowezekana, na mtaji wa chini wa shilingi bilioni 10 ambao kila benki inatakiwa kuufikia kufikia mwaka wa 2029 hautakuwa umetumika vibaya ukiajiri watu arobaini na saba wa kusikiliza.

Tulipotoka katika tawi siku ile tulikaa na mama yule kwenye benchi la mwenye kibanda cha chai, tukaandika barua. Tulitaja kifungu cha 35. Tulitaja tarehe 1 Aprili na tarehe 31 Julai. Tukapiga picha kurasa kumi na mbili za daftari, kuanzia Agosti ya mwaka uliotangulia hadi Machi, tukazichapisha kwa shilingi kumi kila ukurasa. Aliisoma barua mara mbili, akaomba tuongeze sentensi moja kwamba hajawahi kuchelewa kulipa, ingawa ilikuwa tayari imo, nami nikaiongeza.

Tulirudi saa tisa na nusu. Kijana yule yule alitupokea kwa adabu, akaisoma barua akiwa amesimama, kisha akatuambia hajui barua ya namna hiyo hupelekwa idara gani. Mama akamwambia, "Wewe nipigie muhuri tu, mwanangu, kwamba nimeileta." Alifungua droo ya kwanza, akafungua ya pili, akaenda kuuliza ofisi ya nyuma, na baada ya dakika kumi hivi akarudi na muhuri ambao wino wake ulikuwa umekauka, akaupulizia pumzi ili uloe. Alama ilitoka hafifu, lakini tarehe inasomeka. Mama ameikunja nakala yake na kuiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa Agosti.